Mpimaji na Pembe ya Nne

Alikuwa hakai. Ukimwekea kigoda upande huu, baada ya maneno matatu atakiinua akakae upande ule, na kabla chai haijapoa utamkuta amesimama mlangoni, kikombe mkononi, anatazama njia. Mama yangu alikuwa akikereka. Alisema mgeni wa namna ile anakufanya ujione nyumba yako ina kunguni. Lakini hakuthubutu kumwambia usoni, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kikiingia mtoni kwa idhini ya bibi huyo, na mtu unayemtegemea hivyo humchagulii namna ya kukaa.

Tulimwita Mpimaji. Jina alilopewa na wazazi wake analo, anayelitaka akamuulize mwanawe Ikwiriri. Mimi sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Kijiji chetu kiko kando ya Rufiji, pale mto unapoanza kushuka kuelekea Mbuchi, na nyumba yake na yetu zilitenganishwa na kitalu cha mihogo tu. Kazi yake ilikuwa kupima uzio.

Niueleze uzio wenyewe, maana wasioishi na mamba hudhani ni wa ng'ombe. Ni nguzo za mikoko zilizokitwa ndani ya mto, moja karibu na mwenzake kiasi kwamba hata kichwa cha mamba mdogo hakipiti. Upande mmoja ni ukingo wa nchi kavu, pande tatu ziko majini. Ndani yake watu huteka maji, hufua, huosha vyombo na watoto. Una pembe nne: mbili ziko ukingoni, ya tatu iko ndani upande maji yanakotoka, na ya nne iko ndani upande maji yanakokwenda. Hiyo ya nne ndiyo yenye kina, kwa sababu mto huchimba pale kila mwaka.

Kiangazi uzio hauna neno. Taabu ni mafuriko. Maji yakipanda hupita juu ya nguzo, na mamba naye hupita nayo bila kuulizwa. Yakishuka, yeye hubaki ndani, ametulia chini kwenye tope. Hapo uzio uliojengwa kumzuia nje unamfungia ndani pamoja nanyi. Kwa hiyo kwetu ilikuwa sheria: maji yakishuka, hakuna mguu unaoingia mpaka pembe zote nne zimepimwa. Wakati wa kungoja watu huteka kwa kata ndefu, kifuu cha nazi kilichofungwa kwenye fimbo inayomzidi mtu urefu, umesimama mbali na maji. Ndoo moja kwa kata ile ni kazi ya kukuchosha mabega na moyo. Hapo ndipo subira ya wanawake huisha.

Chombo chake Mpimaji kilikuwa upondo, ule ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ila wake aliuchonga alama tatu za panga kuuzunguka. Alama ya kwanza kutoka chini ilikuwa kina cha pembe za ukingoni, ya pili kina cha pembe ya tatu, ya tatu kina cha pembe ya nne. Alikuwa akiushindilia chini, anausikiliza kwa viganja, anauvuta, anasogea hatua, anashindilia tena. Pembe ya tatu upondo uliifikia kutoka ukingoni, lakini ili kuifikia ya nne ilibidi atembee ubavu ubavu juu ya boriti iliyofungwa kwa kamba kwenye vichwa vya nguzo, maji ya kahawia yakipita chini ya nyayo zake. Na alikuwa hajui kuogelea. Aliniambia hilo mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayekwambia kwamba hapendi bamia.

Nilipomuuliza anajuaje alichogusa, alinipa jibu ambalo sasa nalisikia hata nikikoroga ugali. "Tope linameza. Gogo linagoma. Mamba anakuacha umguse, halafu anahama."

Sijui lini kazi yake ilimwingia mwilini. Alikuwa akiamini kwamba mamba hashindi kwa nguvu, anashinda kwa kukujua. Anakutazama leo, kesho na keshokutwa, ukiteka mahali pale pale saa ile ile, na siku ya nne anakuwa amekutangulia. Basi Mpimaji hakujulikana. Leo atakwenda mtoni asubuhi, kesho alasiri, keshokutwa haendi kabisa na anaomba maji kwetu. Shambani alipita njia tatu tofauti na akirudi alitafuta ya nne. Hata kitandani alilala kichwa huku leo, kichwa kule kesho. Mume wake wa pili, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hakuoa mke, amepata mpangaji. Alisema hivyo akicheka, lakini wiki ile aliyougua alilalamika kwamba hata uji hakujua utaletwa saa ngapi.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa wakati wake, nacho ni sala. Udhu wake aliuchukulia kwenye birika uani, si mtoni hata siku moja. Nilimtania kwamba hiyo nayo ni ratiba, mamba ataijua. Akanijibu kwamba na aijue, na akitaka aje aswali.

Tabia zake hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Yule aliyetembea juu ya boriti hakukubali kupanda bodaboda. Alikwenda Mahege kwa miguu kumjulia hali dada yake na akarudi miguu imevimba, akisema kile si chombo, ni haraka tu iliyowekewa magurudumu. Alikuwa mkali kwa wanaovunja sheria ya mtoni, na papo hapo mwizi wa sukari wa kutupwa. Akija kwetu mama alificha kopo, na bado kopo alilipata. Aliogopa jongoo. Kusifiwa hakukutaka, ukimwambia tumshukuru Mungu mwaka huu hakuna aliyechukuliwa, alikutazama kwa hasira, anakuuliza kama mwaka umeisha.

Na si mamba peke yake. Msimu wa mpunga tulilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo shambani, tukifukuza nguruwe na viboko. Yeye ndiye aliyetupigia kelele mpaka tukazoea kuvuta ngazi juu kabla jua halijazama, kwa sababu simba naye ana miguu. Kwa kiboko, alitufundisha kumgongea debe kutoka upande wa nchi kavu tu, tumwachie njia ya maji wazi. Mtu mmoja aligonga debe akiwa amesimama ukingoni, kati ya kiboko na mto, na akaponea juu ya mwembe ambao hata nyani wanaukwepa kwa sisimizi. Mpimaji alipita chini ya mti ule na hakumwonea huruma. Alimuuliza tu kama sasa anajua kiboko analala wapi.

Mimi alinichagua bila kuniuliza. Nilikuwa tayari mke wa mtu, nina cherehani yangu barazani na wateja wanaonisumbua, na sikutaka hata kidogo kuwa mrithi wa upondo. Alikuja siku moja, akakaa, akahama, akakaa, akasema macho yake yanaanza kuona vitu viwili viwili na kwamba nina viganja vizuri kwa sababu nashona. Nilicheka. Mwaka uliofuata nilikuwa nikitembea nyuma yake ukingoni kila maji yakishuka, nikijifunza tope na gogo. Boriti nilipita mara mbili, yeye mbele, nami nimeng'ang'ania kanga yake. Sikuipenda.

Sasa naandika nisilowahi kuandika. Nimekuwa nikizunguka pembeni yake kama alivyozunguka yeye kigoda.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa makubwa, na maji yaliposhuka Mpimaji alikuwa na homa ameshindwa kuinuka. Aliniita, akanipa upondo, akaniambia niende nikampimie, pembe zote nne, na nikimaliza nimletee upondo uani kwake. Nilikwenda. Wanawake walikuwa wamejaa ukingoni na ndoo, wamechoka na kata, wengine wameshaanza kutoa maneno. Anga lilikuwa linafunga mvua na mimi nilikuwa na gauni la harusi ya watu mezani. Nilipima pembe za ukingoni. Nilipima ya tatu. Nilipofika kwenye boriti nikaiona imelowa na ina utelezi wa kijani, na nikasimama pale. Nilijiambia kwamba kutoka hapa naweza kuunyoosha upondo ukagusa upande ule. Haukugusa. Nikarudi ukingoni, na kwa kuwa nilijua hawataniamini mimi, nikasema, "Bibi kasema tayari." Saa zake hazikujulikana, wakadhani alishapima alfajiri na mimi nilikuwa nahakikisha tu.

Wakaingia. Zuhura, jirani yetu wa chini, mama wa mtoto mchanga, alikwenda mpaka mwisho kwa sababu kule maji ni safi zaidi. Mamba alimshika mkono wa kushoto. Wanawake hawakukimbia, walimpiga yule mnyama kwa ndoo, kwa sufuria, mmoja kwa mchi aliokuwa anauosha, wakamvuta mwenzao huku wanalia. Walimpata. Hospitali ilimkata mkono chini kidogo ya kiwiko. Nami nilikuwa nimesimama ukingoni nimeshika upondo, nao ulibaki mkavu upande wa juu.

Kikao cha kijiji kilikaa. Walisema maneno ya adabu, kwamba bibi ni mtu mzima, ametufaa miaka, lakini macho yamekwisha na amesema tayari wakati si tayari. Waligeuka kumtazama. Nilingoja aseme kwamba hakwenda mtoni siku ile, kwamba alinituma mimi. Alihama kutoka kigodani hadi mkekani, akahama kutoka mkekani hadi kizingitini, na hakusema. Mwanawe alikuja kumchukua wiki ile ile. Mimi nilimsaidia kufunga mizigo. Upondo alisema nibaki nao, na mimi nikaupandisha juu ya makenchi ya nyumba yangu, ukalala kule miaka minne.

Miaka minne ile nilikuwa mimi nisiyekaa. Nilibadili njia ili nisikutane na Zuhura, na bado tulikutana, kwa sababu kijiji ni kidogo. Alinisalimia vizuri kila mara. Aliniletea kanga nimkatie, anaishikilia kwa kidevu huku anaipima kwa mkono mmoja. Siku moja alisema, hivi hivi tu, kwamba alishamsamehe bibi wa watu, macho si kosa lake. Nilitazama sindano. Msamaha ulikuwa unakwenda kwa mtu asiyeuhitaji, na mimi mwenye kuuhitaji nilikuwa napindia ukingo wa kanga.

Kabla ya mafuriko yaliyofuata tulikuwa tumeletewa pampu ya kisima, na uzio ukasahauliwa. Nilifurahi kuliko wote. Mwaka huu mafuriko yakaizika pampu kwenye mchanga. Maji yakashuka, na kesho yake watu wakaanza kuutazama tena uzio, wengine wakisema nguzo bado imara na bibi wa kupima hayupo, sasa tufanyeje, tuingie tu. Mwenyekiti aliwaomba wangoje siku mbili. Kulipokucha nikachukua mchele mpya, nikapanda gari la asubuhi kwenda Ikwiriri.

Nyumba ya mwanawe iko karibu na barabara kuu, mabasi yanapita hadi madirisha yanatetemeka. Ina vigae, ina bomba jikoni. Mkwewe alinipokea kwa heshima na kwa uchovu. Alinieleza kwamba bibi haoni tena, lakini kila wakigeuka viti vimehama, na ndoo anazijaza bombani saa ambazo hakuna anayezijua, leo alfajiri, kesho adhuhuri. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mkono ukutani.

"Umebadili kandambili," alisema kabla sijasalimia.

Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akahama. Aliuliza habari za mama, za mpunga, za yule wa mwembe. Aliomba chai na alipoonja akalaumu sukari. Kisha aliuliza maji yameshuka lini. Nikamwambia juzi. Akauliza pampu. Nikamwambia imezikwa. Nilijua swali linalofuata na nilitamani basi lolote lipige honi lilifunike.

"Nani kapima?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwambia yote, boriti, utelezi, gauni la harusi, na maneno yale matatu niliyoyaweka kinywani mwake. Nilimwambia kwamba nimemvunjia heshima yake mbele ya watu aliowalinda, na nimekaa kimya alipokuwa akipakiwa kwenye gari kama mzigo. Nililia, tena vibaya, mpaka mkwewe akachungulia mlangoni na kurudi.

Yeye hakusogea. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ametulia.

"Najua," alisema. "Siku ile ulinisimamishia upondo ukutani. Maji ya mafuriko mazito, huacha mstari wa tope. Mstari uliishia alama ya pili. Nikapitisha mkono juu yake, kukavu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema kikaoni. Nilimuuliza kwa hasira kidogo, nakiri, kama vile yeye ndiye aliyenikosea.

"Ningesema, wangekunyang'anya upondo. Mie walikuwa waninyang'anye tu, macho yalishaaga. Wangebaki na nani? Aliyeiruka pembe ya nne akaona kilichotokea, haiiruki tena maisha yake. Nikaona huyu sasa ndiye mpimaji." Alinyoosha mkono akanitafuta goti. "Nilikuachia kazi, mwanangu. Wewe ukaipandisha darini."

Sikuwa nimemwambia ulipo. Labda alijua tu mtu mwenye aibu huweka wapi vitu.

Nilisema nitarudi na nitaita kikao, nitawaambia ukweli, jina lake lisafike. Akanikatiza. Alikuwa ameshainuka, anatafuta upande mwingine wa chumba, vidole vikitembea ukutani, wasiwasi wake wa siku zote umemrudia.

"Jina langu halijazama, litangoja. Watu hawatangoja. Pima kwanza. Ukishamaliza kupima, sema unachotaka."

Hakuniaga vizuri. Aliniambia gari la alasiri huwa linajaza mapema, nifanye haraka, na nipite njia nyingine kutoka stendi.

Nilishuka nikachukua bodaboda, samahani Bibi, na nilifika nyumbani jua bado liko juu. Nilipanda juu ya kitanda nikauteremsha upondo. Ulikuwa na vumbi na kiota cha nyigu. Nilipofika mtoni, siku mbili za mwenyekiti zilikuwa zimewashinda watu: wanawake kama kumi wamesimama na ndoo, wawili wamekwishakunja kanga magotini. Zuhura peke yake alikuwa pembeni, anateka kwa kata ndefu, ameibana fimbo kwapani kwa kile kipande cha mkono, matone mengi yakimwagika kabla hayajafika ndooni. Niliwaambia wasubiri. Mmoja aliuliza mimi ni nani wa kupima. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Nilipima pembe za ukingoni, tope likameza. Nilipima ya tatu, tope likameza. Nikapanda boriti. Kamba zake zilikuwa zimeoza nusu, na sikuwa na kanga ya mtu ya kung'ang'ania. Nilikwenda ubavu ubavu, nikiwa na hofu ambayo sitaki kuipamba. Kwenye pembe ya nne nilishindilia na kitu kigumu kikanijibu. Nikaushika upondo kwa viganja vyote viwili, nikangoja kama alivyonifundisha. Nikashindilia tena, kikagoma. Nikakizunguka, nikashindilia mara ya tatu na ya nne, huku na huku, kikagoma vile vile na hakikuhama. Lilikuwa gogo.

Niliporudi ukingoni upondo ulikuwa na tope mpaka alama ya tatu. Wanawake waliuona mstari, wakaanza kuinua ndoo. Nikawaambia waingie, lakini kwanza wanisikilize kidogo. Nilimgeukia aliyekuwa pembeni.

"Zuhura, siku ile Bibi hakupima, alikuwa hoi kwa homa. Nilipima mimi, na hii pembe niliiruka."

Zuhura aliitua kata yake chini, polepole, na akaanza kuja upande wangu.